Shoka Halizai Shoka: Je, Uhai Ulizuka kwa Bahati au Uliumbwa?

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Noonkopir, Kitengela, Kaunti ya Kajiado

 

Nimefundisha biolojia miaka mingi, na swali la leo nilipewa na mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Tulikuwa tumefungua mada ya mageuko. Akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, kwenye mtihani niandike nini, na Jumapili niamini nini?" Darasa zima likanyamaza. Nilimwona usoni kwamba jambo hili lilikuwa limemkosesha usingizi. Siku ile nilimjibu harakaharaka ili kipindi kiendelee, na jibu lile halikunitosheleza hata mimi mwenyewe. Mhadhara huu ni deni ninalomlipa.

Silabasi ndiyo iliyomweka njia panda. Akiwa kidato cha kwanza, katika somo la dini, alisoma simulizi za uumbaji za kitabu cha Mwanzo pamoja na jinsi Waafrika wa jadi walivyoeleza chanzo cha dunia. Alipofika kidato cha nne, biolojia ikampa nadharia ya uumbaji na nadharia ya mageuko ya kikemia, moja juu na nyingine chini, katika ukurasa ambao mwalimu huumaliza kwa dakika chache. Hakuna aliyemkalisha akamweleza mambo hayo mawili yanakutana wapi na yanaachana wapi.

Nitalitanguliza jibu langu mapema ili mnipime nalo. Uhai haukuzuka kwa bahati tupu, na mwanasayansi makini hasemi hivyo. Lakini pia uhai haufanani na kitu kilichochongwa kwa mkono. Unapata umbo kwa njia yake, na njia hiyo mtu wa imani hana sababu ya kuiogopa. Ushahidi wangu mwingi umo humuhumu Kajiado.

Shoka na udongo mweupe

Tukitoka hapa Noonkopir tunashika barabara ya Namanga hadi Isinya, tunakata kulia kuelekea Kiserian, kisha tunaishika barabara ya Magadi. Ukishapita Corner Baridi, ubaridi wa Ngong unabaki mgongoni na Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Joto linapanda kadiri unavyoteremka. Mbele kidogo ya Oltepesi unafika Olorgesailie.

Mwanajiolojia John Walter Gregory aliziona zana za mawe za eneo lile mwaka 1919. Katika miaka ya 1940 wanaakiolojia Mary na Louis Leakey wakaanza kuchimba. Mahali pamoja mamia ya mashoka ya mawe yameachwa palepale yalipokutwa, na mgeni huyatazama akiwa juu ya kidaraja cha mbao. Mashoka ya Olorgesailie yana umri wa kati ya miaka milioni 1.2 na miaka laki tano hivi.

Ukilichunguza shoka moja utaona lina umbo la jani nene. Limebanguliwa upande huu na upande ule, kipande baada ya kipande, mpaka kingo mbili zikakutana kwenye ncha. Upande wa kushoto unalingana na wa kulia. Lililo jirani yake ni vilevile, na la tatu vilevile. Jiwe lenyewe ni la volkano, limetolewa mlimani likaletwa bondeni. Mto nao hugonga mawe, lakini mto huyafanya mviringo. Hauyabangui pande mbili kwa kufuata umbo moja mara mia. Hata mtoto wa darasa la pili akiliona atasema: hili lilitengenezwa na mtu.

Mwaka 1802 mwanateolojia Mwingereza William Paley alijenga hoja mashuhuri kwa mfano wa saa iliyookotwa uwandani. Saa ina mtengenezaji, alisema, na viumbe vimepangika kuliko saa, basi navyo vina mtengenezaji. Sisi wa Kajiado tunaweza kuisema hoja hiyo kwa shoka letu: ikiwa jiwe lililobanguliwa lina mwenyewe, je, mkono uliolibangua? Je, jicho lililoongoza mkono? Hoja hii ina uzito, na sipendi kusikia msomi akiibeza. Imewatosha watu wenye akili nyingi kwa muda mrefu.

Lakini tuiname tena palepale, tuchote udongo. Olorgesailie ina matabaka ya udongo mweupe, mwepesi, unaobaki vidoleni kama unga. Zamani hapo palikuwa na ziwa. Unga ule, kwa sehemu kubwa, ni magamba ya mwani mdogo sana uitwao diatomu, ulioishi majini, ukafa na kutua chini. Uweke kwenye hadubini, utaona magamba ya silika, yaani madini yaleyale ya kioo, yenye vitundu vilivyopangwa kwa safu kama ushanga kwenye mkufu wa bibi harusi wa Kimaasai. Hakuna shoka la Olorgesailie lililofikia ufundi huo.

Basi nani alitoboa vitundu vile? Hilo tunaweza kulitazama likitokea leo, kwa sababu diatomu wangali hai katika maziwa na bahari. Seli moja hugawanyika ikawa mbili, na kila moja hufyonza silika iliyoyeyuka majini na kujijengea gamba jipya kwa muda wa saa chache. Hakuna chombo kinachoigusa kutoka nje. Umbo linatoka ndani.

Kwa hiyo mahali pamoja tuna mpangilio wa aina mbili. Shoka lilipata umbo lake kwa kupigwa kutoka nje, na gamba lilipata lake kwa kukua. Tofauti kubwa iko hapa: shoka halizai shoka. Ukiyaweka mashoka mawili pamoja kwa miaka milioni moja, utayakuta mawili. Diatomu wawili huzaa, watoto hutofautiana kidogo, na walio bora kwa mazingira yao huacha wazao wengi zaidi. Jambo hilo Paley hakuliona, na Charles Darwin aliliandika mwaka 1859. Kitu kinachozaa hakiwezi kupimwa kwa mizani ya kitu kisichozaa.

Bucha, funza na chupa ya Pasteur

Mtu anaweza kunijibu: vyema, kilicho hai huzaa kilicho hai, lakini cha kwanza kilizaliwa na nani? Hapo ndipo penye kiini cha swali.

Zamani watu waliamini kwamba nyama ikioza huzaa funza yenyewe. Mwaka 1668 daktari Mwitaliano Francesco Redi alitia nyama kwenye mitungi, mingine akaiacha wazi, mingine akaifunika kwa kitambaa. Funza walitokea palipo wazi tu, pale inzi walipoweza kutua na kutaga. Kila mwenye bucha hapa Kitengela anayeweka nyama yake nyuma ya kioo anafuata somo la Redi. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Mfaransa Louis Pasteur alichemsha mchuzi ndani ya chupa zenye shingo ndefu zilizopindwa, hewa ikaingia lakini vumbi likanaswa njiani. Mchuzi haukuharibika. Alipovunja shingo, ukaharibika.

Wahubiri wengi humtaja Pasteur kama shahidi kwamba uhai hauwezi kutoka kwa kisicho hai. Tumtendee haki. Alithibitisha kwamba vijidudu vya leo havizuki kwenye mchuzi kwa siku au miezi. Hakuipima dunia changa isiyokuwa na hewa ya oksijeni, isiyokuwa na kiumbe wa kula kinachoanza kuumbika, na yenye mamilioni ya miaka mkononi. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na kwenye miamba ya Australia Magharibi kuna alama za vijiumbe zenye miaka ipatayo bilioni 3.5. Katikati hapo kitu kilitokea. Kilitokeaje?

Bahati inaweza nini

Tuipime bahati kwa hesabu. Chukua protini ndogo yenye viungo 100 vya asidi amino, na kila nafasi inaweza kujazwa na aina 20. Michanganyiko inayowezekana ni takriban 1 ikifuatwa na sufuri 130. Atomu zote za ulimwengu tunaoweza kuuona hukadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sufuri 80. Ukikaa kubahatisha mchanganyiko mmoja mahususi, ulimwengu utaisha hujaupata.

Mwanafalaki Mwingereza Fred Hoyle alitoa mfano wa kimbunga kinachopita kwenye dampo la vyuma na kuacha ndege ya Boeing 747 imekamilika. Sisi tunavijua visulisuli vya uwanda wa Athi wakati wa kiangazi. Hakuna aliyewahi kuona kisulisuli kikipita kwenye karakana ya jua kali kikaacha matatu tayari kubeba abiria. Dhidi ya bahati tupu, hoja ya Hoyle haina jibu, nami sitafuti kuijibu.

Ila asili haifanyi kazi kwa bahati tupu. Chukua dadu sita, uzirushe zote pamoja mpaka zote zionyeshe sita kwa mpigo mmoja. Kwa wastani utarusha mara 46,656. Sasa badilisha kanuni: kila dadu inayoonyesha sita unaiacha mezani, unarusha zilizobaki. Utamaliza, kwa wastani, kabla ya mara ya 15. Dadu ni zilezile na mkono ni uleule. Kilichoingia ni kuhifadhi.

Mchungaji ataniuliza, "Mwalimu, nani anayehifadhi?" Ni swali zuri. Kwa viumbe hai jibu ni kuzaa: kinachojinakili vizuri hubaki, kisichoweza hutoweka. Lakini kabla ya kuwepo kitu cha kwanza kinachojinakili, kanuni hiyo haikuwa na pa kushikia. Fundo limo hapo, nami ni wajibu wangu kuwaonyesha sayansi imefika wapi.

Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey huko Chicago, alitangaza matokeo ya jaribio lake. Alitia maji, methani, amonia na hidrojeni katika vyombo vya kioo vilivyofungwa, akapitisha cheche za umeme kwa wiki moja, akapata asidi amino. Mwaka 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, na ndani yake zikapatikana asidi amino za aina nyingi zilizoundika angani. Kwa hiyo matofali ya uhai si nadra. Katika miaka ya 1980 wanasayansi Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha kwamba RNA, ambayo hubeba habari za urithi, inaweza pia kuendesha kemia kama kimeng'enya. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Hilo lilifungua njia ya kufikiri kwamba molekuli ya aina moja ilianza kwa kufanya kazi zote mbili.

Ukweli mwingine nao usifichwe. Matofali si nyumba. Hadi leo hakuna maabara iliyotoa seli hai kutokana na kemikali tupu. Mwaka 2010 kikundi cha mwanasayansi Craig Venter kilitengeneza DNA nzima ya bakteria, lakini ilibidi kuipandikiza ndani ya seli iliyokuwa hai tayari. Anayewaambia vijana wetu kwamba jambo hili limekwisha kutatuliwa anawadanganya.

Magadi kwenye sufuria

Turudi barabarani, tuipite Olorgesailie, tuteremke hadi Ziwa Magadi. Mnalijua kwa kiwanda chake cha magadi, kwa chumvi yake yenye rangi ya waridi, na kwa chemchemi za maji moto kandokando yake. Katika barua ya mwaka 1871 kwa rafiki yake Joseph Hooker, Darwin aliwaza kwamba uhai huenda ulianzia kwenye kijidimbwi chenye joto. Hakuwahi kufika Kajiado.

Dimbwi kama hilo lingehitaji fosforasi, kwa sababu uhai hauwezi kwenda bila hiyo. Imo kwenye uti wa DNA, imo kwenye utando wa seli, imo kwenye kemikali inayobeba nguvu mwilini. Lakini katika maji ya kawaida kalsiamu huishika fosforasi ikaganda kuwa jiwe, na inayobaki majini ni kidogo mno. Wanakemia walisumbuka na tatizo hilo kwa miongo mingi. Mwishoni mwa mwaka 2019 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba katika maziwa yenye kaboneti nyingi mambo hugeuka. Kaboneti huiwahi kalsiamu, fosforasi ikaachwa huru na kurundikana majini. Miongoni mwa maziwa ya namna hiyo waliyoyataja ni Magadi.

Kina mama, ninyi mnaijua kemia hii. Githeri ikikataa kuiva, mnatia sufuriani chembe ya magadi, yenye kaboneti ileile. Sehemu ya kazi yake ni hiyohiyo: inaidaka kalsiamu inayolifanya ganda la maharagwe kuwa gumu. Kanuni inayolainisha githeri jikoni ndiyo inayoacha fosforasi huru ziwani. Kanuni hiyo haibahatishi. Itatenda leo na kesho, hapa na Marekani, kwa namna ileile.

Msinielewe vibaya: sisemi kwamba uhai ulianzia Magadi. Ziwa hili ni changa kulinganisha na umri wa uhai. Ninachosema ni kwamba maziwa ya aina yake yangeweza kuwepo kwenye dunia changa, na kwamba kila fundo likifunguliwa tunachokuta ndani ni kanuni. Neno "bahati" limebebeshwa mzigo usio wake. Kaboni hushikana na kaboni kwa kanuni. Mafuta kwenye maji hujikusanya kwa kanuni. Magadi hudaka kalsiamu kwa kanuni.

Muumba yuko wapi?

Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa Nairobi yalipokuwa yakifanyiwa ukarabati, kulizuka mabishano makali. Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa kiongozi wa makanisa ya kiinjili, alipinga mabaki ya binadamu wa kale kupewa nafasi ya mbele. Mwanapaleontolojia Richard Leakey alipinga vikali kuyasogeza nyuma. Katikati ya ugomvi ule alikuwapo Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita, ambayo kipande chake cha kwanza kiliokotwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani aliyekuwa na jicho lisilo na kifani. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na mtoto yule yumo ndani mpaka leo. Makanisa nayo yanajaa kila Jumapili. Hakuna kilichobomoka.

Nasikitika kwamba pande zote mbili zilimfundisha kijana jambo lilelile: chagua kimoja. Wazee wetu hawakuwa hivyo. Kwa Kimaa, neno Enkai humtaja Mungu, na neno hilohilo hutaja mvua. Mnakumbuka ukame uliomalizikia mwaka 2023, mizoga ya ng'ombe ikiwa imetapakaa kwenye nyanda zetu. Mvua iliponyesha, wataalamu wa hali ya hewa walitueleza kuhusu joto la bahari na mwelekeo wa pepo, na maelezo yao yalikuwa sahihi. Mzee naye alisimama mlangoni mwa boma lake, akainua uso, akamshukuru Enkai. Ni nani kati yao aliyekosea? Mmoja alieleza mvua inavyokuja, mwingine alieleza deni analolihisi inapokuja.

Kwa wenzangu waumini nina ombi. Msimweke Mungu mahali ambapo sayansi haijafika tu. Mwenye kibanda kwenye hifadhi ya barabara huhamishwa kila barabara inapopanuliwa, na barabara ya maarifa inapanuliwa kila mwaka. Msimpe Muumba makao ya namna hiyo. Biblia na Kurani zote zinataja udongo katika habari ya mwanadamu. Mungu aliyeumba udongo wenye uwezo wa kuzaa hajapungukiwa na kitu mbele ya Mungu aliyeuchonga kama shoka.

Kwa wenzangu wasioamini nina ombi pia. Mkishaonyesha kanuni, hamjaonyesha kwa nini kuna kanuni, wala kwa nini ni hizi zinazoruhusu tope kuja kuwa na macho ya kujitazama. Hakuna chupa ya maabara itakayolijibu hilo. Anayesema sayansi imemfuta Muumba amevuka mpaka wa kazi yake, sawa na anayefungua Mwanzo akitafuta humo umri wa miamba.

Basi mwanangu uliyeniuliza, popote ulipo leo, jibu langu ni hili. Kwenye mtihani andika ushahidi unavyosema, na uonyeshe waziwazi unapokomea. Jumapili mshukuru Muumba kwa moyo mmoja. Usikubali mtu akulazimishe kuuza kimoja ili ununue kingine.

Nanyi wazazi na walimu, msiwajibie watoto kabla hawajaona. Olorgesailie iko kaunti hii hii, safari ya asubuhi na kurudi jioni. Wapelekeni. Walitazame shoka, wachote na ule udongo mweupe, warudi nao shuleni wauweke chini ya hadubini. Kisha waacheni waulize, na ninyi mkae muwasikilize mpaka mwisho.